Mkono Unaojua Kuacha

Ukitaka kumjua fundi wa magari, usimtazame anapokaza nati. Mtazame anapoacha kukaza. Hapo ndipo ninapoisifu kazi ya spana ya toki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, chombo kisichomsifu mwenye misuli.

Conrad Bahr, mfanyakazi wa idara ya maji ya jiji la New York, ndiye anayetajwa kuibuni mwaka 1918, ili bolti za mabomba ya maji na mvuke yaliyo chini ya ardhi zisikazwe kupita kiasi. Tangu mwanzo, basi, spana hii iliundwa kuiwekea nguvu mpaka.

Ile iliyozoeleka ina springi ndani ya mpini. Fundi huitega kwenye kiwango anachotaka, tuseme nyutoni-mita 103 kwa nati za tairi za Toyota nyingi ndogo. Nguvu ikifika hapo, spana hulia “ta!” na mpini hulegea kidogo mkononi. Kazi imekwisha. Ila mlio huo hauzuii chochote: anayezidi kuvuta anazidi kuikaza nati, huku akiielemea springi na viungo vyake.

Balaa kubwa zaidi huja spana hii inapotumiwa kulegezea nati. Nati iliyoshikwa na kutu haitabiriki. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya mpini wa nusu mita anatoa karibu nyutoni-mita 340, ilhali spana nyingi za gereji hukomea 200 na ushei. Akichomeka bomba urefu ukawa mita moja, mzigo unakuwa maradufu. Tena spana nyingi hazilii zikigeuzwa upande wa kulegeza, hivyo hata onyo halisikiki. Ni sawa na muuza duka kuikalia mizani yake.

Ipo pia spana ya toki inayoonyesha kipimo kwa mshale; hiyo ikipinda, mshale haurudi kwenye sifuri, na kila mtu anaona. Ile ya mlio huumia ndani kwa ndani. Kesho italia kama ilivyolia jana, lakini kwa kiwango kingine, na fundi ataiamini.

Ndiyo maana fundi makini hulegezea nati kwa mpini mrefu usiopima kitu, na spana ya toki huitoa mwishoni tu. Huvuta taratibu, huacha kwenye mlio wa kwanza, kisha huirudisha kwenye alama ya chini kabisa ya kipimo, asiipitishe hapo. Ikielemewa, haigusi tena nati ya mteja mpaka ipimwe upya. Hata isiyoelemewa, kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 hupendekeza ipimwe kila baada ya miezi 12 au mivuto 5,000.

Nguvu kila kijana wa gereji anazo. Kuacha kuvuta ilhali nguvu bado zipo mwilini ndiko kunakofundishwa, na ndiko mteja anakokulipia.