Alama 70 za Wildlands: wahakiki walipima nini?

Machi 2017, gemu la Ghost Recon Wildlands la kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft lilipokewa kwa namna mbili zisizofanana. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kuzigeuza kuwa wastani mmoja, liliambulia karibu 70 kati ya 100. Hiyo si alama ya kufeli, ila kwa gemu lililogharimu fedha nyingi kiasi hicho ni ya kuona haya. Dukani mambo yakawa mengine: mwezi huohuo liliongoza mauzo Marekani, mbele hata ya The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ambalo wahakiki walilimwagia sifa mpaka zikabaki kidogo kwa wengine.

Wapo wanaosema mhakiki hajui anachotaka mchezaji, basi. Sikubaliani nao. Ukizisoma tahakiki zenyewe na kuifunika ile namba ya chini, utakuta wengi wa waandishi wale waliliona gemu vizuri. Walisema ulimwengu wake unavutia, kwamba linanoga ukicheza na wenzako, na kwamba kazi zake zinajirudia. Yote matatu ni kweli. Tatizo liko kwenye namna mambo hayo matatu yalivyobanwa ndani ya tarakimu mbili.

Tuanze na gemu lilivyojengwa. Ubisoft Paris walitengeneza Bolivia ya kubuni iliyotekwa na Santa Blanca, genge la dawa za kulevya kutoka Mexico linaloongozwa na mtu aitwaye El Sueño. Wewe unaongoza kikosi cha makomando wanne wa Marekani. Ramani ina mikoa 21, na genge limegawanywa matawi manne: usalama, uzalishaji, magendo na ushawishi. Kila mkoa una bosi wake. Ukiwaangusha wa kutosha katika tawi moja, unamfikia mkuu wa tawi hilo, na hatimaye El Sueño mwenyewe. Ukishaanza mkoa wa Itacua, dunia yote iko wazi. Hakuna anayekuzuia kwenda mkoa mgumu kuliko yote ukiwa na bastola tu.

Uhuru huo una gharama yake ya kiufundi. Mbunifu hajui utafika kambini saa ngapi, kutoka upande gani, na silaha ipi, peke yako au na watu watatu. Kwa hiyo hawezi kukuandalia tukio la kusisimua kwa dakika maalumu kama wafanyavyo watengenezaji wa magemu ya Call of Duty. Lazima kazi yenyewe iwe nyepesi kiasi cha kustahimili lolote: mkamate huyu, mhoji yule, iba ndege, lipua ghala. Ukiziandika kwenye karatasi, hazijazi hata ukurasa. Mhakiki anayesema misheni zinarudiarudia ameisoma karatasi hiyo sawasawa.

Utamu wenyewe umelala kwenye njia ya kuifikia kazi. Unarusha droni juu ya kambi na kuweka alama kwa kila mlinzi. Unaona mtambo unaokoroga mawimbi ya droni, jenereta ya umeme, mlinzi aliye karibu na king'ora, makombora yatakayoangusha helikopta yako ukitaka kutoroka kwa anga. Kisha unaamua nani afe kwanza, au kama kuna haja ya yeyote kufa. Mkiwa watu wanne mnaosikilizana, mmoja analala kilimani na bunduki ya udunguzi, wawili wanaingia kwa nyuma, wa nne anasubiri na gari. Mmoja akikosea, mpango wote unageuka mbio na vicheko. Kambi ileile kesho inakuwa hadithi nyingine.

Ukiwa peke yako, kikosi kinaongozwa na kompyuta. Hapo wahakiki walikuwa na haki ya kulalamika. Maadui karibu hawawaoni wenzako hao hata wakipita mbele ya macho yao, na ukiamuru risasi za pamoja, kila mmoja anampiga aliyepangiwa bila kukosa, hata pale unapojiuliza alipataje nafasi. Mbinu za kivita zinakuwa kubonyeza kitufe. Ongeza mazungumzo ya garini yenye utani uleule kwa mara ya ishirini, magari yanayoteleza kama yamepakwa sabuni, na hitilafu ndogondogo za siku za mwanzo. Hayo ni makosa ya gemu, na hayatetewi.

Sasa tazama uhakiki wa magemu unavyofanyika. Nakala inafika siku chache kabla ya mauzo, wakati mwingine siku yenyewe. Wenzako wengi bado hawana nakala, kwa hiyo mara nyingi unacheza peke yako. Unaacha kiwango cha ugumu na alama za kwenye skrini kama zilivyowekwa na kiwanda, kwa sababu huna muda wa kujaribu vingine. Na unatakiwa ufike mwisho wa hadithi upesi, kwa kuwa tahakiki ikichelewa haisomwi. Kucheza mikoa 21 hivyo ni sawa na kupewa sinia zima la pilau ulimalize kwa kikao kimoja, kisha uulizwe utamu wake. Mchezaji aliyenunua kwa fedha yake anacheza jioni mbili kwa wiki na marafiki, na anaweza kuzima ramani ndogo, alama za maadui na karibu kila msaada wa skrini. Wote wawili wana haki, lakini hawakucheza kitu kimoja, na namba ilitoka upande mmoja tu.

Kuna jambo jingine ambalo namba hiyo haikuligusa kabisa, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Wahakiki walisifu sana mandhari: milima ya Andes, misitu, uwanda wa chumvi unaofanana na Salar de Uyuni. Serikali ya Bolivia yenyewe haikufurahishwa. Waziri Carlos Romero alisema wamemkabidhi balozi wa Ufaransa barua ya malalamiko, na kwamba nchi yake ina haki ya kuchukua hatua za kisheria. Ubisoft walijibu kwamba ni kazi ya kubuni, na kwamba Bolivia ilichaguliwa kwa uzuri wa mandhari na utajiri wa utamaduni wake.

Jibu hilo ni jepesi. Bolivia halisi iliwafukuza maofisa wa kupambana na dawa za kulevya wa Marekani mwaka 2008, wakati wa Rais Evo Morales, na majani ya koka hulimwa humo kihalali kwa kutafuna na kwa chai. Kuigeuza nchi ya namna hiyo kuwa mahali ambapo makomando wa Marekani pekee ndio wanaoweza kurudisha utulivu ni kauli ya kisiasa, na kauli ya kisiasa ni sehemu ya kazi inayohakikiwa. Baadhi ya wahakiki waliligusa. Lakini katika desturi ya kutoa alama kwa picha, sauti, uchezaji na hadithi, hakuna safu ya kuliweka. Likabaki aya moja ya pembeni.

Halafu gemu likabadilika. Oktoba 2017 liliongezewa Ghost War, mapambano ya wanne kwa wanne. Mwaka 2018 ikaja hali ya uchezaji ambayo ukifa umekufa, huna kurudi, na ndiyo iliyowapa wapenzi wa mbinu kile walichokuwa wakikiomba. Alama haikusogea. Metacritic huhesabu tahakiki za mwanzo, na ni wahakiki wachache wanaolirudia gemu lenye umri wa mwaka.

Oktoba 2019 Ubisoft walitoa mrithi wake, Breakpoint. Kilio cha 2017 kilikuwa marudio, hadithi dhaifu na wenzako bandia wasio na akili. Wenzako bandia waliondolewa kabisa badala ya kurekebishwa. Vikaongezwa vifaa vyenye namba za daraja, ambapo kofia mpya inakuongezea pointi hata kama haikukingi na kitu, na sharti la kuunganishwa na intaneti muda wote hata ukicheza peke yako. Kwa mchezaji wa Dodoma au Kisumu anayenunua bando kwa siku, sharti hilo peke yake lingetosha kumfungia mlango. Safari hii alama ziliangukia chini ya 60.

Kabla mwezi huo haujaisha, mkuu wa kampuni Yves Guillemot alikiri hadharani kwamba mapokezi ya wahakiki na mauzo yamevunja moyo sana, na Ubisoft wakasogeza mbele magemu mengine, likiwemo Watch Dogs: Legion. Machi 2020 waliwaruhusu wachezaji kuzima ule mfumo wa daraja za vifaa. Julai mwaka huo wenzako bandia wakarudishwa. Kwa maneno mengine, walitumia miezi tisa kurudi karibu na pale Wildlands lilipokuwa.

Hapo wahakiki walifaulu kuliko walivyofaulu 2017. Kasoro za Breakpoint zilimkuta kila mtu, awe peke yake au na wenzake, awe na haraka au hana. Za Wildlands zilitegemea nani anacheza na vipi. Kwa hiyo unapokutana na tahakiki ya gemu la aina hii, anza kwa kutafuta mambo matatu: mwandishi alicheza na nani, katika kiwango gani cha ugumu, na kwa muda gani. Asipoyasema, ipe namba yake uzito mdogo. Nanyi mnaoanza kuhakiki magemu kwa Kiswahili, yaandikeni hayo katika aya ya kwanza.