Jina la Suheli kwa nyota isiyo yake

Ukiandika "Suhail" katika programu ya simu inayofuata majina rasmi ya nyota, utaoneshwa Lambda ya kundi la Vela. Hiyo siyo Suheli ya manahodha wetu. Yetu ni ile iitwayo Canopus huko Ulaya, ya pili kwa mng'aro usiku baada ya Sirius. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha mgawanyo huo mwaka 2016, na hapo ndipo tunapotofautiana nao.

Haki yao tuitaje. Waarabu waliziita nyota kadhaa za kusini Suhail, ila kwa lakabu: hii ya Vela ilijulikana kama Suhail al-Wazn. Kosa ni kukata lakabu na kuliacha jina tupu kwa nyota iliyo hafifu zaidi. Ahmad bin Majid, aliyeandika Kitab al-Fawaid yapata mwaka 1490, akisema Suhail bila nyongeza amekusudia moja tu, nayo ilitaja pia pembe ya dira. Pwani kwetu neno likapanuka, suheli ikawa kusini yenyewe. Mtafiti akikiamini kilichoandikwa kwenye simu, atakisoma kitabu cha baharia vibaya.

Houston nayo ina mkono katika majina haya. Gus Grissom, kwa mzaha, aliyapindua majina yake na ya wenzake wa Apollo 1 akayatia katika orodha ya nyota za kuongozea safari. Roger Chaffee akawa Regor, yaani Gamma ya Vela, ambayo nayo ilikuwa Suhail mojawapo, al-Muhlif. Wote watatu walifariki katika moto tarehe 27 Januari 1967, na wanaanga wenzao wakayahifadhi majina kwa heshima. Hilo hatuligombi; jina la msiba lina haki yake. La mwaka 2016 halina msiba wowote nyuma yake.

Basi wazazi wawaoneshe watoto nyota yenyewe. Unguja hupanda hadi nyuzi 43 hivi, Muscat 14. Houston ni 7 na nusu tu, na Dallas na Fort Worth 4 na nusu, kiasi kwamba paa la jirani linatosha kuificha. Wa Houston waende ufukwe wa Galveston katikati ya Februari, saa tatu usiku, watazame kusini baharini. Wa Dallas watoke nje ya mji, watafute uwanda ulio wazi upande huo. Mzee aliyekulia Pemba atadhani inazama.