Ubao wa Rublev

Ikoni haianzi na brashi. Huanza na mbao kavu zilizounganishwa, zikatiwa fito kwa nyuma ili zisipinde. Usoni hubandikwa kitambaa cha kitani, kisha hupakwa chaki iliyochanganywa na gundi ya wanyama, tabaka juu ya tabaka. Kila moja husubiriwa likauke, mpaka ubao uwe mweupe na laini kama ganda la yai. Rangi huja mwisho kabisa: udongo na mawe yaliyosagwa, yakakorogwa kwa kiini cha yai. Mchanganyiko huo hukauka upesi na haumvumilii mwenye kusitasita. Kwa hiyo mchoraji hupaka nyembamba mno, akitoka gizani kwenda kwenye mwanga. Uso wa mtakatifu huanza ukiwa wa kijani cha matope, ukapata joto la udongo wa manjano, na mwishowe miguso michache ya weupe kwenye paji na pua. Mwanga wake haupigi kutoka upande wowote. Watazamaji huuona kama unatoka ndani. Hiyo ni teolojia, ila imesemwa kwa mkono.

Mtawa Andrei Rublev aliijua kazi hii kuliko wote. Mwanzoni mwa karne ya 15 alichora Utatu kwa ajili ya monasteri iliyoanzishwa na Sergius wa Radonezh, kaskazini mashariki ya Moscow. Ubao una sentimita 142 kwa 114. Kisa ni cha wageni watatu waliomfikia Ibrahimu kule Mamre, na wachoraji wengine walikijaza: Ibrahimu, Sara, vyombo, hata mtumishi anayechinja ndama. Rublev akaondoa karibu vyote. Wakabaki malaika watatu, meza, kikombe kimoja. Vichwa vimeinamiana na mabega yakafuatana hata jicho linazunguka duara ambalo halijachorwa, na upande wa meza unaotuelekea hauna mtu. Wataalamu hubishana yupi ni Baba na yupi ni Mwana. Nadhani Rublev hakutaka tujue haraka.

Kazi ikiisha, ikoni hupakwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Hung'arisha rangi, lakini baada ya miongo kadhaa huwa meusi, na moshi wa mishumaa huongeza wake. Basi vizazi vilichora upya juu ya Rublev, tena na tena, na vikamfunika kwa vazi la dhahabu lililoacha nyuso na mikono tu. Mwaka 1904 Vasily Guryanov aliondoa vazi hilo na kuanza kufukua rangi za baadaye, ingawa naye aliongeza za kwake. Mafundi wa 1918 wakaziondoa hizo pia. Nawastahi hawa karibu sawa na Rublev mwenyewe: kushika kisu juu ya rangi ya karne tano, kujua tabaka lipi ni uchafu na lipi ni malaika, na pale palipopotea kabisa, kuzuia mkono usijaze.

Tangu 1929 ubao uliishi katika jumba la makumbusho la Tretyakov, kwenye hewa inayopimwa, kwa kuwa unyevu ukibadilika mti hutanuka na kunywea, na chaki haiwezi kuufuata. Julai 2022 ulipelekwa kwenye monasteri yake kwa siku chache. Uliporudi wataalamu wa Tretyakov waliorodhesha mabadiliko 61.  Hata hivyo, mwaka 2023, vita vya Ukraine vikiendelea, Vladimir Putin aliagiza ikoni irudishwe kwa Kanisa la Othodoksi la Urusi. Hoja ya Kanisa si ya kubeza: Rublev alichora watu wasali, hakuchora wakate tiketi. Lakini aliyewahi kutazama chaki ikibanduka kwenye mti anajua kwamba sala haipunguzi unyevu. Kasisi aliyeongoza baraza la wataalamu la Kanisa lenyewe alionekana kukwamisha uhamisho huo, na Patriaki akamsimamisha huduma.