Mcheza Kwao: Maneno Juu ya Kitabu cha "Peponi"

Wazee wetu husema, Mcheza kwao hutunzwa. Walakini mara nyingi twaona kinyume chake: mtu hucheza ugenini, hutunzwa na wageni, na watu wa kwao husikia vigelegele kwa mbali wasijue hata ni ngoma gani iliyochezwa. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 7 Oktoba 2021, ilipotangazwa huko Stockholm ya kuwa Tuzo ya Nobel ya fasihi amepewa Bwana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja. Katika nchi yetu wengi walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Lakini waliokuwa wamesoma hata kitabu chake kimoja walikuwa wachache.

Bwana Gurnah alizaliwa mwaka 1948. Baada ya Mapinduzi ya 1964 aliondoka Unguja angali kijana, akaenda Uingereza, akasoma, na mwishowe akawa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent. Alikua katika Kiswahili, lakini vitabu vyake ameviandika kwa Kiingereza. Kimoja chao, Paradise, kilitoka mwaka 1994, kikawa miongoni mwa vitabu vilivyoteuliwa kushindania Tuzo ya Booker. Kisha mwaka 2022 Bibi Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili katika Chuo cha SOAS, London, akakifasiri, nao Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakipiga chapa kwa jina la Peponi. Basi ngoma imerudi nyumbani, na sisi tukaao huku Newala hatuna udhuru tena. Yatupasa tukisome kitabu hiki na kukipima, maana kumsifu mwandishi bila kumsoma ni kumpa mgeni mkeka na kumnyima chakula.

Habari yake ni hii. Mtoto Yusuf, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa kutoka kwa wazazi wake na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita ami. Anadhani anakwenda matembezi. Akifika pwani, kijana Khalil auzaye dukani anamfunulia kweli: yule si ami yake hata kidogo, bali ni bwana wake, baba yake alikuwa na deni, na mtoto amewekwa rehani. Anakaa dukani, anaitazama bustani nzuri ya tajiri, kisha anakwenda na msafara hata bara, ng'ambo ya ziwa, katika mji wa mtawala aitwaye Chatu. Huko wanapatwa na njaa, maradhi, na kunyang'anywa mali. Nyuma ya hayo yote Wadachi wanaikaribia nchi kidogo kidogo, kama moto wa nyikani unaoonekana kwanza kwa moshi tu.

Pengine msomaji Mkristo atauliza, Mimi nina nini na habari za matajiri wa Kiislamu wa pwani? Twamjibu: soma, nawe utamwona mtu unayemjua tangu utoto wako. Kijana mzuri wa sura aliyetengwa na baba yake, aliyewekwa katika nyumba ya bwana tajiri, ambaye mke wa bwana huyo anamtamani na kumshika nguo hata ikararuka: je, huyu si Yusufu mwana wa Yakobo? Wakristo na Waislamu wote wanayo habari yake, na Bwana Gurnah ameitumia kwa makusudi. Lakini ameibadili mahali pamoja, na hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu. Yusufu wa Maandiko alitoka gerezani akawa mkubwa katika nchi ya Misri, akawalisha ndugu zake. Yusuf wa kitabu hiki hana Farao wa kumwinua, wala ndoto yake haitafsiriwi na mtu. Mwisho, askari wa Wadachi wanapopita kukamata watu wawaingize jeshini, naye amekwisha kuokoka kwa kujificha, anatoka mwenyewe na kuwakimbilia.

Wako wasomaji wanaouchukia mwisho huo. Sisi twauona kuwa ndio ukurasa wa kweli kuliko kurasa zote. Mtu aliyelelewa kama mali hakufundishwa kuchagua. Akiupata mlango wazi, hutoka kwa bwana mmoja akaingia kwa bwana mwingine, akidhani amekwisha kuwa huru. Mwandishi hamlaumu wala hamhurumii kwa maneno mengi. Anatuonyesha tu, kisha ananyamaza. Kando ya Yusuf amemweka Mzee Hamdani, mtunza bustani, mtumwa wa zamani. Huyu alipopewa uhuru na bibi yake aliukataa, kwa kuwa hakukubali ya kuwa mtu awaye yote ana uhuru wa mwenzake mkononi hata aweze kumzawadia.

Neno hilo la mzee latugusa sana sisi watu wa kusini. Njia za misafara ya watumwa na pembe kutoka Nyasa kwenda Kilwa na Lindi zilipita katika nchi hizi. Masasi yenyewe, kama ilivyo kituo cha Kikristo, ilianza mwaka 1876 kwa watu waliokombolewa utumwani, ambao Askofu Steere aliwaleta kutoka Unguja. Wako kati yetu ambao babu zao walikuwa kina Yusuf. Tumezoea kuisimulia habari yao kama neema waliyopewa na wengine, nayo kweli ilikuwa neema. Lakini Mzee Hamdani atuuliza swali ambalo hatukuzoea kuulizwa: wao wenyewe, mioyoni mwao, walikuwa nani kabla ya kukombolewa, na baada yake? Kitabu kinachoweza kumfanya mtu wa kijijini ajiulize hivyo juu ya babu yake kimestahili tuzo yake.

Hata hivyo haki ya msomaji wa kwao ni kusema pia penye upungufu. Bara ya kitabu hiki twaiona kwa macho ya watu wa msafara. Wenyeji wengi huonekana kwa mbali, huitwa washenzi na wapitao, na wapagazi wachukuao mizigo hawana majina wala nyumba. Tunajua ya kuwa mwandishi anayaonyesha majivuno ya wasafiri ili tuyachukie. Tena amempa Chatu nafasi ya kueleza sababu ya hasira yake, yaani kwamba mfanyabiashara aliyetangulia alimdhulumu. Lakini Chatu ni mmoja tu. Yule mpagazi aliyeanguka njiani alikuwa na mama aliyemngoja, naye mama huyo hayumo. Hatusemi kwamba ni kosa la Bwana Gurnah kuandika akiwa pwani, maana kila mtu huanza kuhesabu nyumba kutoka mlango wake. Twasema kwamba upande wa pili haukuandikwa, na hautaandikwa na mtu wa Unguja.

Hapo ndipo twawakumbuka waandishi wengine wa nchi yetu, kwa kuwa Bwana Gurnah si mti wa peke yake jangwani. Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki mwaka 1962, alikionyesha Kiswahili kuwa chombo cha kubebea fikira kubwa. Bwana Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, akaonyesha msiba wa msichana wa Ukerewe, kwao mwandishi mwenyewe. Bibi Penina Muhando ametunga michezo juu ya mambo ya nyumba na ya taifa. Tena Bwana Ebrahim Hussein, mtu wa kusini kama sisi, alitoa Kinjeketile mwaka 1969, mchezo wa Vita vya Maji Maji. Vita hivyo ndivyo vilivyofika hata Masasi mwezi wa Agosti 1905, misheni ikachomwa moto. Katika mchezo huo Kinjeketile anakataa kutamka ya kuwa maji yalikuwa uwongo, kwa kuwa anajua neno hilo litafundishwa watoto kuwa kupigania nchi yao lilikuwa kosa. Waandishi hawa hawakukaa nyumba moja wala hawana imani moja, lakini kila mmoja amefungua dirisha upande wake, na mwanga umezidi.

Je, dirisha la Newala liko wapi? Tusiseme kwamba watu wa Ruvuma hawawezi kuandika. Padre Yohana Abdallah wa Unangu, Myao, aliandika kwa Kiyao habari za kabila lake, na kitabu chake kikapigwa chapa Zomba mwaka 1919. Hakungoja mgeni amweleze yeye ni nani. Lakini tangu siku zake mangapi yamepita juu ya uwanda huu bila kuandikwa na wenyewe! Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma wakaitwaa Newala, na kabla ya mwaka kwisha Wadachi wakawafukuza. Wazungu wameandika majina ya majemadari na hesabu ya mizinga. Majina ya watu wetu waliotwikwa mizigo ya vita hayamo, na waliowajua wamekwisha kuondoka duniani. Yaliyobaki ni masimulizi ya watoto na wajukuu wao, nao wamezeeka.

Basi, ndugu wasomaji, tuwatukuze waandishi wetu kwa matendo mawili. La kwanza, vitabu vyao vinunuliwe. Asiyeweza peke yake na ashirikiane na wenzake watano; kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti barazani jioni chaweza kutosha watu ishirini, hata wasiojua kusoma. La pili, kila mwenye kalamu na daftari aketi na mzee wa mji wake, amwulize na kuandika, pamoja na majina ya watu na ya mahali, bila kuongeza chumvi. Wengi wetu hatutapata tuzo, wala si lazima. Lakini siku atakapozaliwa Newala mwandishi wa kweli, akitaka kumpa yule mpagazi jina na mama, na ayakute majina hayo yamewekwa.