Kinanda cha Santuri: Kitengenezwe au Kiachwe?

Wahenga walisema cha kale dhahabu. Maneno haya ni matamu, lakini fundi halipwi kwa methali. Napenda kuyapima kwa kitu kimoja: kinanda cha santuri cha HMV, cha kutia ufunguo, kilichobaki katika nyumba yetu ya Kariakoo, upande wa Gerezani. Fundi aliyekikagua alitaka shilingi 400,000. Mdogo wangu akasema fedha hizo ni afadhali zimnunulie shangazi yetu dawa na redio. Hoja yake si ya kupuuzwa.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Kinanda hiki hakitumii umeme. Springi iliyokazwa kwa mpini huizungusha santuri mara 78 kwa dakika. Sindano ya chuma hufuata mfereji wa santuri, utando mwembamba hutetemeka, na pembe iliyofichwa ndani ya sanduku huikuza sauti. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 huchukua dakika tatu hivi. Maradhi yake yanajulikana: springi hukatika, grisi huganda, na mpira unaoushika utando hukakamaa. Yote hayo yana tiba.

Huko Ulaya na Marekani, wenye piano za zamani zinazojipiga zenyewe kwa karatasi yenye matundu hujiuliza swali hili hili, maana mipira na ngozi za ndani hukauka. Lakini ipo tofauti. Piano ile ikipona, hupiga nyuzi zake yenyewe. Kinanda chetu huazima sauti ya mtu aliyekwisha kufariki, na kila kinapomwimbisha humla kidogo, kwani mkono wake huilalia santuri kwa zaidi ya gramu 100. Mashine za siku hizi hugusa kwa gramu chache tu.

Hapa ndipo ninapowalaumu wakarabati wengi. Hupaka vanishi, hung'arisha vyuma, wengine hutoa mtambo wote na kutia redio ndani. Wapo pia wanaonunua vinanda vyenye pembe za shaba vilivyoungwaungwa India siku hizi, wakidhani wamenunua ukale. Hizo ni samani za sebuleni. Kinanda hupimwa kwa kusikilizwa.

Tunayo santuri moja ya Siti binti Saad. Bibi huyu alivuka bahari kutoka Unguja mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodiwa na HMV, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Leo vijana wa Mtaa wa Msimbazi watakujazia nyimbo mia kwenye kadi ya simu kabla hujamaliza chai. Nilimsikilizisha shangazi nakala ya namna hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, sauti ni yake. Lakini sisi tulikuwa tukimngojea."

Neno hilo lilinifundisha zaidi ya ukaguzi wa fundi. Simu huhifadhi sauti. Kinanda huhifadhi namna ya kusikiliza: mtu akae, akaze springi, abadilishe sindano, na wengine wanyamaze. Ni vitu viwili, wala kimoja hakilipii kingine.

Kwa hiyo uamuzi wangu ulikuwa huu. Dawa zilitangulia, kwa sababu ugonjwa haungoji, na kinanda kilikwisha ngoja miaka mingi. Kisha santuri ya Siti ilinakiliwa kwa sindano nyepesi, ikafungwa na kuwekwa. Baada ya hapo nililipia springi, grisi na mpira tu. Bei ikashuka chini ya nusu. Mbao zilibaki na mikwaruzo yake. Kinanda hupigiwa santuri za kawaida, zile ambazo zikichakaa hatutalia.

Mwenye kinanda bila santuri, au santuri bila msikilizaji, asijitie gharama, ampe anayevihitaji. Lakini ikiwa nyumbani yupo hata mzee mmoja anayejua kungojea wimbo, basi springi ile ina thamani ya fedha yake, na itengenezwe angali hai.