Don Hutson alivyowaacha mabeki njiani

Mwaka 1935, katika futiboli ya Kimarekani, Green Bay Packers walikutana na Chicago Bears. Mabeki wa Bears walimkazia macho Johnny Blood, aliyekuwa na jina kubwa, na kumsahau kijana mwembamba upande wa pili, Don Hutson. Mrushaji wa Packers, Arnie Herber, akarusha pasi ndefu, Hutson akaidaka na kukimbia nayo mpaka eneo la mwisho. Ilikuwa tachidauni ya yadi 83, na mechi ikaisha 7-0.

Wengi husema siri yake ilikuwa mbio. Mbio alikuwa nazo, lakini naona jibu hilo linamnyima haki. Mtazame anavyotoka. Haanzi kwa kasi yake yote. Anamwendea beki moja kwa moja, taratibu kiasi cha kumfanya aamini kwamba anammudu. Beki anarudi kinyumenyume. Hutson anainamisha bega na kichwa upande mmoja, beki anageuza nyonga kumfuata, na papo hapo Hutson anakata upande wa pili na kuongeza gia. Miguu ya beki ikishapishana, hana budi kupiga hatua moja ya ziada ili ajiweke sawa. Hatua hiyo ndiyo aliyoitafuta Hutson, kwa sababu mpira umesharushwa. Mrushaji hakumlenga yeye, alilenga pale atakapofika.

Hata milingoti ya goli, ambayo wakati huo ilisimama kwenye mstari wenyewe wa goli, aliigeuza silaha: aliukimbilia mlingoti, akaukumbatia kwa mkono mmoja, akajizungusha na kudaka pasi huku beki akipitiliza.

Sheria nazo zilimkuta pazuri. Hadi 1933 mrushaji alilazimika kusimama angalau yadi 5 nyuma ya mstari wa kuanzia; sharti hilo likaondolewa, na mwaka uliofuata mpira ukafanywa mwembamba zaidi. Kocha wa Packers, Curly Lambeau, alikuwa muumini wa pasi tangu enzi zake za kucheza. Milango hiyo iliwafungukia wote, lakini aliyeingia na mbinu kamili ni Hutson.

Mwaka 1942 alidaka pasi 74, akapata yadi 1,211 na tachidauni 17. Wapo wanaozipunguzia uzito takwimu hizo kwa kuwa vita vilikuwa vimewachukua wachezaji wengi. Hoja ina ukweli, ila haitoshi: alikuwa ameshadaka 58 mwaka 1941, kabla vita havijaipunguzia ligi wachezaji, na akachaguliwa mchezaji bora. Tena alicheza pande zote mbili, akilinda nyuma na kupiga mikwaju. Mwaka 1945, dhidi ya Detroit Lions, alifunga pointi 29 katika robo moja: tachidauni nne na mikwaju mitano ya pointi moja moja.

Alistaafu mwaka huo akiwa na tachidauni 99 za kudaka. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1989, ilipovunjwa na Steve Largent wa Seattle, naye akiwa mtu aliyesifiwa kwa kukata kona kuliko kwa mbio.