Kitabu cha xv6: kumbukumbu inaeleweka, lakini draiva je?



Wadogo zetu wa L3 wameniuliza kama kitabu cha xv6 kinafaa kwa kikundi chao cha kujifunza kerneli. Nimekisoma mara mbili, na TP zake nilizifanya usiku, saa ile delestaji inatuacha tupumue. Jibu langu: kisomeni, lakini msiishie hapo. Sababu yake ilinigharimu kazi, kwa hiyo nitaieleza bila kuficha.

Kwa wasiokijua: xv6 ni mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, ulioanza MIT mwaka 2006 kwa kufuata Unix Toleo la Sita. Kitabu chake ni cha Russ Cox, Frans Kaashoek na Robert Morris, na kinapatikana bure. Tangu 2019 xv6 inatumia prosesa ya RISC-V, na wanafunzi wengi wanaitembeza ndani ya QEMU, yaani mashini pepe. Kwetu hapa hiyo njo baraka. PC ya mkono wa pili inatosha. Kerneli ikianguka, unawasha tena kwa sekunde chache na mafaili yako hayaguswi.

Upande wa kumbukumbu, kitabu kiko muzuri sana. Mashini inapewa RAM ya megabaiti 128, inakatwa kurasa za bayiti 4096. Kurasa zisizo na kazi zinafungwa mu orodha moja, na kila ukurasa unabeba ndani yake anwani ya mwenzake. Ukirudisha ukurasa, kfree inaujaza namba 1 kila bayiti. Ukiuchukua, kalloc inaujaza namba 5. Kwa nini? Ili programu inayoendelea kushika ukurasa ilioisha kurudisha ipate uchafu na ianguke mapema, isije ikadanganya watu miezi mingi. Mistari miwili tu, lakini imenifundisha nidhamu kuliko kozi nzima ya mihadhara.

Shida inaanza kwa draiva. Kitabu kinaeleza vizuri UART, kile kifaa cha konsoli kinachopokea herufi moja moja. Diski haiko vile. Yenyewe inaingia mu RAM, inasoma na kuandika. Draiva inaiandalia vipande vitatu: ombi, data, na bayiti moja ya jibu, kila kimoja na anwani yake. Na diski haipitii majedwali ya kurasa ya kerneli. Inataka anwani halisi ya RAM. Hapo njo kumbukumbu na draiva zinakutana, na hapo njo makosa makubwa yanazaliwa. Mu kitabu, jambo hili limepewa fungu dogo mwisho wa sura, na draiva ya diski yenyewe haielezwi mstari kwa mstari.

Kuna kitu kingine. Mu toleo la zamani la RISC-V, kichwa cha ombi kilikaa kwenye stak ya kerneli. Stak hiyo iko na anwani pepe isiyolingana na anwani halisi, basi waandishi waliita kvmpa ili kuitafsiri kwanza. Baadaye walihamisha vichwa hivyo mahali ambapo anwani mbili zinalingana, na kvmpa haikuhitajika tena pale. Kodi imekuwa safi, sikatai. Lakini mstari ule ulimlazimisha mwanafunzi ajiulize: anwani hii ni ya nani, ya kerneli ao ya kifaa? Sasa anaweza kumaliza TP zote bila kujiuliza hata siku moja.

Mimi ni mmoja wao. Kwa kazi yangu ya kwanza nilipewa kibao kidogo cha elektroniki niandikie kadi ya mtandao draiva. Mu QEMU kila kitu kilitembea. Kwenye kibao, pakiti zilifika na data ya zamani ndani yake. Nilitafuta wiki mbili. Nikamwambia mkubwa wangu kibao kimeharibika, wakaagiza kingine, nacho kikafanya vilevile. Haya iliyonipata, wandugu! Kadi ilikuwa inaandika mu RAM, lakini prosesa ilikuwa inasoma nakala ya zamani mu kashe yake, na mimi sikuwa nimeiamuru kuitupa. QEMU haiigizi kashe, kwa hiyo kosa langu halikuwa na mahali pa kuonekana. Mkataba haukuongezwa.

Sisemi kitabu njo kilinifukuza kazi. Waandishi walitaka kitu kidogo kinachosomeka kwa muhula mmoja, na walifaulu. Lakini kifaa cha mashini pepe kiko na adabu sana: kinajibu haraka, hakichoki, hakikosei. Hata draiva ya xv6 inakiamini hivyo: diski ikileta jibu baya, kerneli nzima inasimama kwa panic. Darasani inatosha. Kwenye kituo cha afya chenye umeme wa kukatika-katika, hapana.

Basi nashauri kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, mtafute toleo lenye kvmpa, mlilinganishe na la leo. Pili, mu draiva ya diski mfute mistari ya __sync_synchronize, ile inayolinda mpangilio wa maandishi mu kumbukumbu. Kwangu QEMU iliendelea kutembea kama hakuna kitu. Mjadili kwa nini, na kwa nini hiyo si ruhusa ya kuifuta. Tatu, tupige likelemba tununue kibao kimoja cha kweli, kizunguke kwa kila mtu wiki moja.

Mimi niko tayari kutoa mchango wa kwanza. Na kama kuna mkubwa ambaye kibao chake kinalala mu kabati, aniandikie.